Watu Kumi na Wawili Wapokea Maji Mahoo

Mimi ni mwepesi wa kukasirika. Nalisema mapema lisije likaonekana kama siri. Watoto wangu wanajua, mume wangu anajua, na kila mwanafunzi aliyewahi kukaa darasani kwangu hapa Voi anajua kwamba Madam akivua miwani, ni heri kuinamisha kichwa na kusoma. Hasira zenyewe hazikai. Hupanda upesi na kushuka upesi, na zikishuka huniacha na aibu, kisha naenda kununua machungwa nigawie watu. Lakini siku niliyosoma mipango ya wale wanafunzi kumi na wawili, zilipanda zikakaa.

Nilikuwa nafundisha kozi ya Kiingereza ya muhula mmoja, iliyowekwa kwa ajili ya wageni. Watu wakisikia kwamba kuna mtu mzima anafundishwa Kiingereza chuo kikuu nchini Kenya hucheka, kana kwamba sisi tulizaliwa nacho mdomoni. Wanafunzi wangu walikuwa wamesoma kwao kwa Kifaransa au kwa Kiswahili. Wengi walitoka Kongo na Burundi, na wachache ng'ambo ya mpaka wetu, upande wa Tanzania. Chuo kiliwapokea kwa sharti: faulu Kiingereza kwanza, ndipo uendelee na digrii uliyoijia. Ukianguka, unarudia mara moja. Ukianguka tena, nafasi yako anapewa mwingine.

Kati ya hao kumi na wawili, mmoja alikuwa anarudia. Alikuwa mama wa watoto watatu, anakaribia miaka arobaini, mzaliwa wa Rombo, Tanzania, aliyeolewa Mahoo, huku kwetu upande wa Taveta. Alikuwa na diploma ya kilimo, na ukimwangalia mikono ulijua hakuipata kwa vitabu peke yake. Alitaka digrii ya kilimo. Kiingereza alikisoma sekondari, lakini aliniambia mwenyewe jinsi kilivyosomwa: ubaoni kilikuwa Kiingereza, maelezo yakawa Kiswahili, na mtihani ukaja peke yake bila maelezo. Darasa zima lilimwita Mama, hata wale waliomkaribia kwa umri. Huku kwetu shikamoo haina kazi kubwa. Vijana hukupa "habari, Madam" macho yakiwa kwenye simu. Yeye alisimama, akaitoa yote, akangoja marahaba yake ndipo akaketi. Nilimpenda tangu siku hiyo, na nilikuwa mkali kwake kuliko kwa wengine kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, muhula ule mkuu wa idara alirudi kutoka semina na jambo jipya. Wanafunzi wa lugha, alisema, wasilishwe kwa kijiko. Mwanafunzi wa chuo kikuu anapaswa kushika usukani wa masomo yake: aamue anajifunza nini, wapi, saa ngapi, na atajuaje kwamba amejua. Tukaambiwa tuanze kwa kumwagiza kila mwanafunzi aandike mpango wake wa wiki.

Mimi nililiona ni upuuzi mtupu. Nilifundishwa Kiingereza kule Bura na mwalimu ambaye hakutuuliza tunapenda nini. Alisema, tukaandika. Tulikosea, akapaka wino mwekundu, mpaka daftari langu likawa na rangi ya barabara za Voi kabla ya lami. Nilijua Kiingereza, au sikukijua? Nilikijua. Basi nami miaka yote nilifundisha vivyo hivyo, na kalamu nyekundu nilizinunua kwa pakiti.

Lakini agizo ni agizo. Niliingia darasani nikawaambia kila mmoja ajiamulie mwenyewe jinsi atakavyojifunza, aandike wiki yake kwenye ukurasa mmoja kwa Kiingereza, alete Jumatatu. Sikueleza zaidi. Niliwaamuru wajiamulie, kwa sauti ile ile ninayotumia kuamuru mtu afunge mlango.

Jumatatu niliichukua ile mipango nikaenda nayo chumba cha walimu. Nikamimina chai, nikaanza kusoma. Wa kwanza ulikuwa mzuri, siwezi kukataa. Ulikuwa na siku na saa. Kila asubuhi kusoma ukurasa mmoja kwa sauti. Jioni kuandika mambo matano ya siku hiyo. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, kupokea maji ya mfereji shambani, Mahoo. Jumapili baada ya ibada, kikao cha kina mama wa kanisa. Nikatia alama ya vyema.

Wa pili nao ulikuwa na Jumamosi saa kumi na mbili, kupokea maji, Mahoo. Nikasema labda ni majirani. Wa tatu ulikuwa wa binti mmoja wa Bukavu, mcheshi, mwenye maneno mengi, na kwa hakika nilijua binti huyo hajawahi kufika hata Mwatate, hapo karibu. Naye pia Jumamosi alikuwa Mahoo anapokea maji. Wa nne ulikuwa wa kijana wa Bujumbura, mpole, anayekaa nyuma na kunyamaza. Jumamosi, maji, Mahoo. Jumapili, kikao cha kina mama wa kanisa.

Nilisoma yote kumi na miwili. Yote ilikuwa na maji. Yote ilikuwa na kina mama.

Mwenzangu mmoja aliyekuwa pale alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi sikucheka. Nilivua miwani, nikavuka uwanja na lile jua la saa sita, nikaingia darasani bila kusubiri kipindi changu.

"Nani ana shamba Mahoo?" nikauliza.

Wote wakainamia vitabu.

"Nimesema, nani ana shamba Mahoo? Au mnalo nyote? Kama mnalo nyote, basi mimi niletewe ndizi. Mahoo kuna ndizi nzuri sana."

Mabati yalikuwa yanalia kwa joto, na nje mlinzi alikuwa anafungulia redio yake. Nikawaambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini wao leo wameingia kwangu kumi na wawili na kichwa kimoja. Nikawauliza wanaume watano waliokuwa mle ndani wanafanya nini kwenye kikao cha kina mama. Hapo mmoja alikohoa kuficha kicheko, nami nikazidi kupanda.

Binti wa Bukavu ndiye aliyenijibu. "Madam, sisi tulitafuta jibu lenye kuwa sawa."

"Jibu gani? Nimewauliza maisha yenu!"

"Ndiyo, Madam. Lakini ile ya Mama ndiyo ilikuwa mzuri kupita yetu." Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili, kwa sababu alijua amemtaja.

Mama akasimama. "Shikamoo, mwalimu," akasema, ingawa tulikuwa tumekwisha kusalimiana asubuhi. "Ni wangu. Waliniomba kuuona, nikawaonyesha. Sikujua kama wataandika mpaka maji yangu."

Nilikuwa nimejiandaa kumgombeza, lakini alivyosema maji yangu palinigusa mahali. Nikamuuliza, kwa ukali bado, ni kwa nini aliweka mambo ya shamba kwenye mpango wa Kiingereza. Akasema kwa sababu niliwaambia waandike wiki yao jinsi ilivyo, na maji hayaulizi kama mtu ana mtihani.

"Na ni nani anakuamsha Jumamosi hiyo?"

"Hakuna anayeniamsha, mwalimu. Zamu ni yangu."

"Na ukilala?"

"Yanapita. Yanakwenda kwa jirani, naye hana kosa."

Darasa likageuka kumwangalia yeye badala ya mimi. Akawaeleza, kwa Kiswahili chake kile kilichonyooka, jinsi mfereji unavyoendeshwa kule kwao. Kila shamba lina siku yake na saa zake. Mtu haji tu kufungua maji yakamwagika shambani. Kabla ya zamu yako unapanda na mfereji mpaka juu, unatoa majani na matope, unaangalia kama wenzako wamefunga kwao. Ukifungua kwako, unarudi chini na kungoja, kwa sababu maji hayafiki papo hapo. Anayekosa subira huanza kuchimba huku na huku akidhani mfereji umeziba, na hapo ndipo anapouharibu.

Mimi sikuhitaji kuelezwa. Nilizaliwa Wusi, huko juu milimani. Mama yangu alikuwa na kishamba cha mboga kwenye mteremko, kikubwa kidogo kuliko darasa lile, na siku ya zamu yake nyumba nzima ilijua. Hakuna aliyemkumbusha. Miaka mingi nilikuwa sijawaza juu ya jembe la mama yangu, na hapo darasani, katikati ya kugomba, nikaliona. Nikavaa miwani.

Binti wa Bukavu, ambaye kunyamaza kwake ni kazi ngumu, akainua mkono. "Madam, kwa nini na sisi tusigawe Kiingereza kwa zamu?"

Ningependa kuandika kwamba wazo hilo lilikuwa langu. Lilikuwa la kwao. Walikaa mchana ule wote bila mimi, na kesho yake wakaniletea karatasi moja, na safari hii niliwasamehe kuwa moja. Kila mwanafunzi angekuwa na zamu yake ya nusu saa. Zamu ikiwa yako, darasa ni lako: unaamua unachokihitaji, unakuja na jambo lako mwenyewe, unasema kwa Kiingereza, na wenzako wanakuuliza. Usipojiandaa, nusu saa yako inakwenda kwa jirani. Mimi wangenipa kiti cha nyuma, karibu na dirisha.

"Na nikisikia mtu anakosea?" nikauliza.

Walitazamana. Mama ndiye aliyejibu. "Unaandika pembeni, mwalimu. Atakayetaka atakuja kuchukua."

Zamu ya kwanza walimpa yeye, kwa sababu ya heshima. Alianza kueleza jinsi ya kuotesha miche ya nyanya. Alikwenda vizuri dakika mbili tatu, akafika mahali akakwama. Neno lilimpotea. Mimi nilikuwa nalo. Lilikuwa limenijaa mdomoni, na kabla sijajua nimelitupa kutoka huko nyuma, kwa sauti. Akasimama. Akaniangalia kwa upole, kama anavyoangaliwa mtoto aliyekanyaga kitalu.

"Mwalimu," akasema, "maji yako njiani. Tusichimbe."

Darasa likaangua kicheko, nami uso ukanichoma. Lakini toka siku ile ikawa sheria yao. Mtu akikwama alisema kwa Kiingereza kwamba maji yako njiani, na wote walinyamaza na kungoja mpaka alipate neno, au apate njia ya kulizunguka. Aliyevunja sheria mara nyingi alikuwa mimi. Mara ya nne wakafanya mkutano wao, na siku iliyofuata nikakuta chupa ya chai juu ya kiti changu. Binti wa Bukavu akanieleza bila haya kwamba mdomo wenye chai hausahihishi mtu. Walikuwa wanaijaza kwa zamu pia. Muhula ule nilikunywa chai mpaka mume wangu akauliza kama ninaumwa.

Nisije nikadanganya kwamba nilibadilika. Kila nilipokuwa nyuma pale, nikisikia kitenzi kimepinda, mkono ulikwenda kwenye kalamu nyekundu wenyewe. Na nilikuwa na hofu moja ambayo haikunitoka: Mama alikuwa na nafasi moja tu iliyobaki. Wengine wangeweza kuanguka na kurudia. Yeye akianguka anarudi Mahoo na diploma yake, na watoto wake wanamkuta nyumbani, na mambo yanaishia hapo.

Katikati ya muhula palikuwa na jaribio. Mama alipata alama za chini, chini ya mstari wa kufaulu. Nilipoziona, nilitoka nje nikasimama peke yangu nikitazama milima ya kwetu, ile ya kijani, na nilikuwa na hasira na mkuu wa idara, na semina yake, na chupa ya chai. Nikajiambia nimemwacha huyu mama azame huku ninapiga funda.

Basi nikafanya nilichojua kufanya. Mtihani wa mwisho una sehemu ya kuzungumza mbele ya mtahini wa nje, na maswali yake hayana siri kubwa: jieleze, eleza unakotoka, eleza kwa nini unataka kusoma. Nilikaa Jumapili nzima nikamwandikia kurasa tatu. Nilimwandikia Mahoo, migomba, mfereji, ndoto yake ya digrii. Kilikuwa Kiingereza safi, kizuri kuliko nilichowahi kujiandikia mwenyewe. Jumatatu nikamwita ofisini, nikampa, nikamwambia azishike kwa moyo, neno kwa neno.

Alizipokea kwa mikono miwili akapiga goti kidogo. Wiki moja baadaye alizirudisha, kwa mikono miwili vile vile.

"Mwalimu, nimezisoma zote. Ni nzuri sana," akasema. "Lakini huyu anayezungumza humu ndani, mimi simjui."

"Humjui vipi? Si wewe?"

"Ana shamba langu, mwalimu. Lakini si mimi."

Nikamuuliza kama anataka kuanguka. Akasema hapana, anataka sana kufaulu, ila akifaulu awe amefaulu yeye. Kisha akasema jambo ambalo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniambia. Aliomba wiki nne zilizobaki nisimsahihishe. Atajisahihisha. Akikwama kabisa, atakuja mwenyewe kuuliza.

Iliniuma. Nasema wazi kwamba iliniuma sana, kuliko alivyokusudia. Jumapili yangu nzima ilikuwa pale mezani, imekunjwa vizuri. Na kwa sababu nilikuwa nimeumia, nilimtupia maneno makali. "Haya," nikasema. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Ndiyo, mwalimu," akajibu. Akaaga, akatoka, akaufunga mlango polepole. Siku hiyo hata machungwa sikwenda kununua. Hasira ziliposhuka niliona hayatoshi.

Wiki nne hizo sikumsahihisha. Zamu yake ilipofika nilikunywa chai, na alipokosea niliangalia nje. Mambo aliyokuwa akiyafanya nilikuja kuyajua baadaye, kwa sababu binti wa Bukavu hawezi kutunza habari. Mama alikuwa anajirekodi kwenye simu, kisha anajisikiliza na daftari mkononi. Upande mmoja aliandika alichosema, upande wa pili alichotaka kusema, na katikati aliacha nafasi ya kuziba mwenyewe. Jumamosi akipanda na mfereji kutoa majani alikuwa akiieleza kazi yote kwa Kiingereza, kwa sauti, hatua kwa hatua. Jirani alimsikia akamwendea mume wa Mama kuuliza kama kwake kuna heri. Mume akajibu, "Wacha tu. Huyo anaombea maji kwa Kizungu."

Ofisini kwangu alikuja mara mbili tu. Mara ya kwanza aliuliza jinsi ya kuanza barua rasmi. Mara ya pili alisimama mlangoni, akasema, "Mwalimu, mtu akiniuliza nami sijamwelewa, ninamwambiaje bila kujishusha?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nilimpa moja. Nilimwambia si kujishusha, amwambie tu kwamba hajaelewa na aseme tena, na asipoelewa tena, amwambie aseme polepole. Akalirudia mara tatu, akashukuru, akaondoka. Hilo na lile la barua ndiyo pekee aliyoyachukua kwangu mwezi mzima, na nilifurahi kuyatoa mpaka nikajishangaa.

Siku ya mtihani mtahini wa nje alifika asubuhi, bwana mmoja mwembamba kutoka chuo cha mbali, mwenye Kiingereza cha haraka na uso usiosema kitu. Kanuni ni kwamba mwalimu wa kozi anakaa ndani, anajaza fomu yake, na hafungui mdomo. Chai haikuruhusiwa.

Mama aliingia na kitenge chake cha Jumapili. Akamsalimu, akaketi, akaweka mikono juu ya magoti. Maswali ya kwanza yalikuwa yale yale ya kawaida na aliyajibu. Kiingereza chake kilikuwa kinatembea kwa miguu, hakikimbii, lakini kinafika. Nikaanza kupumua.

Kisha yule bwana akauliza swali ambalo halikuwa kwenye kurasa zangu tatu, wala nisingeliwaza. Alitaka kujua, katika kazi ya kilimo kule kwao, ni jambo gani moja angelibadilisha kama angepewa uwezo, na ni nani angekataa.

Mama akamwambia hajaelewa, aseme tena. Akasema tena, haraka vile vile. Mama akamwambia, bila kutikisika, aseme polepole. Bwana yule akainua macho kutoka kwenye karatasi kwa mara ya kwanza, akasema polepole.

Nilimwona Mama akielewa. Niliona kwa macho yake. Na baada ya kuelewa, akanyamaza.

Sijui kimya kile kilikuwa cha urefu gani. Mkono wangu ulitafuta chupa ya chai chini ya kiti, haikuwepo. Nilikuwa na maneno matatu ambayo yangemfungulia, matatu tu, ningeweza hata kuyakohoa. Mtahini akatazama saa. Akashika kalamu akaipeleka kwenye fomu. Mama akanigeukia, sekunde moja hivi, na mimi, Mungu ananijua, niliangalia nje ya dirisha. Nililiangalia lango, mlinzi, mbuzi wa mtu. Machozi yalikuwa yananilenga.

Ndipo nikamsikia akimwambia yule bwana, kwa Kiingereza, kwa utulivu wa mwenye shamba: ngoja, maji yako njiani.

Kalamu ikasimama. Bwana akangoja, nadhani kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Na yakaja. Alisema angebadilisha mpangilio wa zamu. Alisema wakati wa kiangazi mashamba ya mwanzo wa mfereji hupata maji kila wiki, na yale ya mwisho, ambayo mengi ni ya wajane, hupata matope. Angetaka wa mwisho waanze kupokea. Alikosea. Nilihesabu makosa saba, kisha nikaacha kuhesabu kwa sababu nilitaka kusikia. Atakayekataa, alisema, ni baba mkwe wake.

Mtahini akauliza jambo ambalo halikuwa kwenye fomu. Na shamba lako wewe, liko wapi?

"Mwanzo," akajibu Mama. "La kwanza kabisa."

Yule bwana aliweka kalamu chini. Alimtazama kama mtu anayetazama mtu.

Mama alifaulu. Kwenye kuandika alipita kwa alama chache sana, na kwenye kuzungumza alipata za juu kuliko wote. Leo yuko mwaka wa pili wa digrii yake, na tukikutana uwanjani bado ananisimamishia shikamoo mpaka niipokee.

Si wote waliofaulu. Yule kijana mpole wa Bujumbura alianguka, na hilo linaniuma hata sasa, kwa sababu kosa lina mkono wangu. Nilikuwa nimejifunza kungoja kwa shida sana, basi nikamngojea hata yeye, nikidhani kila anayenyamaza maji yako njiani kwake. Kumbe kwake mfereji ulikuwa umeziba huko juu, na alihitaji mtu wa kupanda naye. Muhula uliofuata alirudia. Nilikuwa nikimfuata baada ya kipindi na kumuuliza, na mara nyingine tulikaa chini tukatoa majani pamoja. Alipita.

Siku moja baada ya matokeo ya kwanza niliingia ofisini asubuhi nikashindwa kuufungua mlango vizuri. Ndani, sakafuni, kulikuwa na mkungu wa ndizi mkubwa, wa kubebwa na watu wawili. Juu yake karatasi imefungwa kwa uzi wa katani. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza, kwa mkono ninaoujua, na chini yake majina kumi na mawili, pamoja na la yule kijana wa Bujumbura. Ilisema mwalimu aliomba ndizi. Ilisema hizi zimetoka kwenye shamba letu, sisi sote, Mahoo.

Ilikuwa na mistari minne na makosa matatu. Niliyaona yote papo hapo, siwezi kujizuia kuyaona. Kalamu nyekundu ilikuwa mfukoni, nikaitoa, nikaivua kifuniko.

Nikaisoma ile karatasi tena, polepole. Kisha nikaifunga, nikaibandika ile karatasi ukutani jinsi ilivyo, nikamimina chai.